Karibuni, Madaktari wa Wiki Mbili

Kiangazi cha Ulaya na Marekani kikifika, zahanati zetu za vijijini hupata madaktari. Si wote madaktari, tusiwe na haraka. Mmoja anasomea biashara, mwingine ni mpiga picha. Ila koti jeupe halibagui.

Wanapima presha. Bibi anaambiwa yake iko juu, anapewa vidonge vya siku 30 na tabasamu. Presha ni ya maisha, kambi ni ya wiki mbili. Hesabu hiyo kaachiwa muuguzi, yule anayezalisha kwa tochi ya simu, ambaye kwa sasa kageuzwa mkalimani. Posho? Amepewa fulana.

Mabegi ya dawa nayo yana mambo. Tangu 1996 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za msaada zifike zikiwa zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake, na maandishi yanayoeleweka kwa wahudumu wa afya wenyeji. Ushauri mzuri. Ungekuwa kidonge, ungeshapitwa na muda.

Mwaka 1968 padri Ivan Illich aliwaambia wanafunzi wa Kimarekani waliojiandaa kujitolea Meksiko waende kutazama, kusoma, hata kupanda milima, ila wasiende kusaidia. Mkali mno. Sisi tuna adabu zetu, mgeni tunamchinjia kuku. Tunanong'onezana tu kwamba nauli ya ndege ya mmoja wao ingemlipa muuguzi wa pili miezi kadhaa. Lakini nani atapiga picha na mshahara wa muuguzi?