Chupa ya Fanta na Spika za Jirani

Huku kwetu Saboti mtu akifariki, mwili haujafika mochari na tayari kuna anayeuliza spika zitatoka wapi. Disko matanga imepigwa marufuku na wakubwa wa serikali mara nyingi mno, hata nadhani wao wenyewe wamechoka kuitangaza. Usiku wa kuamkia mazishi jenereta hunguruma, turubai hufungwa, na sisi majirani tusio wafiwa tunakesha kwa lazima, madirisha yakitetemeka kila besi ikishuka.

Kelele nimezizoea. Kinachonikera ni dijei, ambaye kwa bahati mbaya ni mpwa wangu, kushika kipaza sauti saa nane za usiku na kutangaza kwamba sasa anatuletea kitu kipya kabisa: arbantone. Nikatega sikio. Kipya wapi! Mdundo ni wa dancehall, wa Jamaika. Kiitikio kimenyofolewa kwenye nyimbo za Nairobi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile zile ambazo mama yake alikuwa akizicheza hapa Kitale huku ugali ukiungua jikoni. Kabla ya hapo walikuja na gengetone, iliyovuma tangu 2018 Ethic walipotoa “Lamba Lolo”. Nayo tuliambiwa haijawahi kusikika duniani.

Wazee wenzangu nao wananichosha. Wanaota moto wa matanga na kuapa kwamba enzi za George Mukabi muziki ulikuwa wetu, safi, haujatiwa maji. Mukabi nampenda mno. Ule mtindo wa omutibo, gitaa kavu likikimbia vidoleni na mwenzake akiwa na chupa ya Fanta, ukinikuta njiani nasahau ninakokwenda. Lakini gitaa halikuota kando ya mto Nzoia. Wapigaji wa wakati ule walisikiliza santuri za Jean Bosco Mwenda kutoka Kongo na kukesha wakitafuta vile vidole vyake. Na hiyo Fanta? Ilibuniwa Ujerumani mwaka 1940. Watu wetu waliona ile mikunjo ya duara kwenye chupa, wakapitisha chuma juu yake, krr-krr-krr, ngoma ikapatikana na soda ikanywewa. Siku hizi soda nyingi inauzwa kwenye plastiki. Hebu ikwaruze uone.

Daudi Kabaka naye? Aliichukua twist, ambayo Chubby Checker aliivumisha Marekani mwaka 1960, akaichanganya na kwela ya Afrika Kusini, akaimba kwa Kiswahili, na Kenya nzima ikakatika viuno. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ikaurekodi wimbo wake “Helule Helule”, ukaingia kwenye chati za huko. Yaani tulikopa Marekani, tukakopa Afrika Kusini, kisha Waingereza wakaja kukopa kwetu. Nilipowaeleza haya pale motoni, mzee mmoja akaniuliza kama nimekunywa.

Basi mpwa wangu akatoka kwenye arbantone akaingia amapiano. Afrika Kusini tena! Nikataka kwenda kumpasha, ila kabla sijavaa viatu kijana akachomeka sauti ya litungu, kinubi cha Wabukusu, juu ya ile besi. Bibi mmoja aliyekuwa anasinzia, leso kichwani, akatikisa bega la kushoto. Kisha la kulia. Kisha yote mawili, kamabeka kamili, ngoma ya mabega ya Wabukusu, huku uso umetulia kana kwamba mabega ni ya mtu mwingine. Vijana wakatoa simu wakamrekodi. Wafiwa wakasogea. Hata wale wazee wa muziki safi wakaacha moto wao, na mimi nikabaki bila wa kumlalamikia.

Asubuhi mpwa wangu akaja, macho mekundu, sauti imekauka.

“Khocha, mjomba wangu, nasikia una santuri za zamani. Nipe moja, niikate kipande niitie mdundo.”

Santuri zangu ziko chini ya kitanda, na aliyeazima moja mara ya mwisho alihamia Bungoma nayo. Nikamwambia sawa, ila kwa masharti: malipo kwanza, jina la Mukabi litajwe kwenye kipaza sauti, na matanga yajayo spika zote zielekezwe Mlima Elgon. Ndovu wa kule hawana kazi ya kuamkia.