Shimo Limechoka

Tulikuwa kwenye wimbo wa tatu wa sifa, kanisani kwetu Kawangware, wakati ule ambapo mabati yameanza kupata joto na akina mama wa mstari wa mbele wameshavua viatu. Nikaruka. Kwa kawaida sirukaruki, lakini mpiga ngoma alikuwa ametupandisha na sikutaka kuachwa. Niliposhuka, mkanda ukaachia upande wa juu, shingo ya gitaa ikazama kama ndoo kisimani, kichwa chake kikagonga stendi ya maikrofoni, na spika zikatoa mlio ambao pasta aliuitikia, "Ameni!"

Kilichochomoka ni kile kifungo cha chuma kinachoshika mkanda kwenye pembe ya gitaa. Mkanda wenyewe simlaumu aliyeushona. Fundi viatu wa mtaani alinitengenezea kutokana na mkanda mkuukuu wa matatu, masalia ya zile sheria za waziri wa uchukuzi Michuki za 2004 zilizotufungisha mikanda Kenya nzima, kwa muda. Mkanda huo una uwezo wa kumzuia mtu mzima asitokee kwenye kioo cha mbele. Mimi nilikuwa nimeuning'iniza kwenye skrubu moja ya inchi moja.

Jumatatu nikachukua bisibisi, nikairudisha skrubu. Ikazunguka. Nikaongeza nguvu, ikazunguka vilevile, raha mustarehe, haishiki popote. Nikatia supaglu. Tone moja liliingia shimoni, mengine yakabaki kati ya kidole gumba na cha shahada, nikashinda hadi usiku kama mtu anayepima chumvi ya mboga. Supaglu ikikauka huwa kama kioo. Mtikisiko wa kwanza wa mazoezi ya Jumatano ukaipasua.

Alhamisi wakaja washauri, ambao Kawangware hawajawahi kuadimika. Muuza mayai boilo alisema nifunge kamba. Jirani yangu, fundi wa mabati, alitaka kupiga msumari wa inchi tatu na tayari alikuwa ameuweka mdomoni. Mpiga besi wetu akaleta skrubu nene, imetoka kwenye bawaba ya mlango. Mlango upi, sikuuliza. Ikaingia nusu, mbao ikalia, ufa mwembamba kama unywele ukatokea kwenye rangi. Nikaichomoa, nikamshukuru sana.

Ijumaa nikatia gitaa kwenye gunia, nikapanda matatu hadi Dagoretti Corner, nikabadilisha nyingine ya Ngong Road, nikashuka Adams na kukata katikati ya soko la Toi hadi Makina, Kibera. Hapo kuna mzee seremala wa vitanda na stuli ambaye ujanani alipiga gitaa la benga. Alilitoa gitaa guniani polepole, kama mtu anayemtoa mtoto wa mwenziwe majini.

"Umetia supaglu."

"Kidogo tu, mzee."

"Na skrubu nene."

Nikanyamaza. Akachungulia shimoni kwa jicho moja.

"Skrubu yako ya kwanza haikuwa na kosa, kijana. Shimo ndilo limechoka. Hii mbao ni laini. Kila ukiruka, skrubu inasaga ukuta wake, unga unatoka, shimo linapanuka. Wewe unabadilisha mpangaji na nyumba haina kuta."

Gitaa langu ni mwigo wa Stratocaster, ile ambayo Fender waliitoa Marekani mwaka 1954, na nilikuwa nalisifia mbao yake mbele ya watu. Niliacha siku hiyo.

Akakwangua supaglu kwa ncha ya kisu. Akafungua kiberiti, akavunja vichwa vya njiti kimoja kimoja. "Tukiviacha hivi, Jumapili moto utashuka kweli." Akazipasua njiti kwa wembe, akazichovya kwenye gundi nyeupe ya mbao, akazishindilia shimoni hadi ya mwisho ikakataa kuingia, kisha akakata zilizojitokeza. Nikanyoosha mkono kuchukua gitaa, akalisogeza kando.

"Gundi haina haraka ya vijana. Kesho."

Jumamosi akatoboa tundu jembamba, akaisugua ile skrubu yangu ya zamani kwenye kipande cha sabuni ili iteleze, akaweka chini ya kifungo kiduara cha ngozi alichokikata kwenye ndara, akakaza. Safari hii skrubu ililalamika ikiingia, na yeye akatabasamu kusikia hivyo. Mia moja, pamoja na kiberiti. Njiti zilizobaki alinirudishia.

Jumapili niliruka mara mbili wimbo wa kwanza, ya pili nikiwa nalijaribu tu gitaa. Kifungo hakikutikisika. Wimbo wa pili, pasta akatoka chumba cha nyuma, Biblia kwapani, akauvuta mlango aufunge, na mlango ukamfuata mzimamzima hadi karibu na madhabahu. Bawaba ya juu ilikuwa inaning'inia, haina skrubu.

Nikamtazama mpiga besi. Alikuwa amefumba macho, akiabudu kuliko siku zote.