Nguruwe wa Iowa na Zumari la Minnesota

Mpwa wangu alipokubaliwa na vyuo viwili Marekani, kila kimoja kikiahidi kumlipia karibu gharama zote, nilidhani kazi iliyobaki ni kupika pilau. Kumbe ndiyo kwanza kikao cha ukoo kinaitishwa. Jibu lilitakiwa kufikia tarehe 1 Mei, na ukoo wetu wa Tanga haujawahi kuamua jambo kwa haraka namna hiyo, hata rangi ya sare za harusi.

Vyuo vyenyewe ni Macalester, jijini Saint Paul, Minnesota, na Grinnell, katika mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi ya Iowa. Kazi ya kuvieleza nikapewa mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na bando.

Nikaanza na lililo gumu: huko mtoto huingia bila kusema anasomea nini. Atachanganya fizikia, falsafa na historia, na somo kuu atalichagua kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Kitivo cha udaktari hakuna, cha sheria hakuna.

"Yaani miaka miwili nikiulizwa msibani mtoto anasomea nini, nijibu nini?" akauliza baba mtu.

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukanywa chai.

Macalester ilianza vizuri. Kofi Annan alihitimu pale mwaka 1961, na jina hilo halihitaji wakili. Chuo kina asili ya Kiskoti, na kwenye sherehe zake hupigwa zumari la mfuko. Nikawawekea video. Bibi, aliyekesha kwenye ngoma nyingi za zumari, akasikiliza kidogo, kisha akauliza kama mpigaji anaumwa. Baridi ndiyo iliyoharibu. Shangazi mtu alitoka, akatia mkono kwenye friza la samaki la jirani, akarudi ameuviringisha kwenye kanga. Nikasema usiku wa Januari Minnesota huweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na zaidi. Kwamba Iowa nako hawaoti jua, sikuona haja ya kulitaja.

Grinnell nikaitetea kwa kisa cha Robert Noyce, mmoja wa wavumbuzi wa chipu na mwanzilishi mwenza wa Intel mwaka 1968. Akiwa mwanafunzi pale, mwaka 1948, aliiba nguruwe wa mkulima kwa ajili ya karamu ya bweni. Mkulima naye ndiye meya. Kijana alikuwa anafukuzwa, mwalimu wake wa fizikia akamwombea, akasimamishwa muhula mmoja, na mwaka 1949 akahitimu. Nilitaka waone walimu wanavyowapigania wanafunzi wao. Shangazi alisikia neno moja tu.

"Nguruwe?" Akanyamaza. "Wa kula?"

Grinnell ikabakiwa na kura mbili, ya mpwa na yangu.

Iliokolewa na kijana wa Mombasa anayesoma hukohuko, aliyepiga simu ya video amweleze mpwa habari za maabara. Bibi akaipokonya simu na kuiweka sikioni, kijana akawa anazungumza na hereni.

"Wewe wa nani, mwanangu?"

Akataja baba, akataja babu, akataja Kibokoni. Ikagundulika kuwa bibi yake mzaa mama alitoka Pangani, kwa watu tunaowafahamu. Bando likakata wakiwa kizazi cha nne. Maabara haikutajwa, lakini nguruwe alikwishasamehewa, na sasa kura zilikuwa sawa kwa sawa, kila upande ukipandisha sauti.

Hapo ndipo mtu mmoja alipokumbuka kumuuliza mwenye safari.

"Grinnell," akasema mpwa. "Ukiacha somo kuu utakalolichagua mwenyewe, hawakulazimishi kitu. Ni somo moja tu la mwaka wa kwanza." Alisema hivyo akitutazama mmoja mmoja, nasi tukaangalia sinia.

"Hilo moja ni la nini?" shangazi akataka kujua.

"Kuandika na kujenga hoja, shangazi."

"Waambie hilo nalo walifute. Umeanza kutubishia hujaota meno."