Sifa za Mheshimiwa Tete

Nasimama kumsifu mkazi ambaye sijasikia akisifiwa popote mkoani Rukwa, ijapokuwa mabonde ya Ufipa ameyakalia miaka nenda miaka rudi bila hati wala kodi: Tete. Mwenye bustani bondeni akimkuta humtukana. Ng'ombe humpita mpaka njaa imzidi. Ukimkata bua na kuchungulia ndani huoni kitu, na masengenyo yote yanaanzia hapo: eti ni mtupu.

Ni mtupu, sikatai. Nimekuja kuusifu huo utupu.

Kwanza mjue anakoishi. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgeni hudhani mahali pa juu namna hiyo maji hayatuami. Aje Februari. Kati ya kilima na kilima kuna mabonde ambayo masika huyageuza kinamasi, na maji yakishajaa udongoni hewa inafukuzwa. Oksijeni husafiri majini polepole mara elfu kumi hivi kuliko hewani. Ile kidogo iliyobaki bakteria huimaliza upesi, kisha tope linaanza kunuka mayai viza. Mzizi nao huvuta pumzi. Hapo umezikwa ungali hai.

Tope hilo hilo, kwa kejeli yake, ni mtunza maiti hodari. Mto Kalambo unatoka kwenye nyanda hizi, na kwenye mpaka wetu na Zambia unaporomoka zaidi ya mita 200. Huko, juu ya maporomoko, timu ya Lawrence Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilifukua magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine. Taarifa yao ya mwaka 2023 inasema yana umri wa miaka isiyopungua 476,000. Hayakuoza kwa sababu udongo ule ulilowa daima, na viozeshaji navyo vinataka hewa. Basi ndiye jirani wa Tete huyo: aliyekufa anamhifadhi, aliye hai anamnyonga.

Wafipa walimkwepa jirani huyu kwa akili. Walifukia nyasi ndani ya matuta ya duara, ntumba, nyasi zikaoza kuwa mbolea na mzizi ukapata pa kukaa juu ya maji. Jasho jingi lilimwagika kwa kazi hiyo. Tete hakuinua hata bonge moja la udongo. Yeye alijitoboa.

Ndani yake kuna njia za hewa kuanzia majani, kupitia bua, hadi kwenye shina lililolala topeni na mizizi yake. Wala hewa haingoji kushuka yenyewe. Mabua mabichi yenye majani huisukuma chini, nayo hutokea upande wa pili kupitia mabua makavu ya mwaka jana yaliyovunjika. Vijana wanavuta, wazee wanatoa, na wazee wenyewe wameshakufa lakini bado wako kazini. (Ninazijua ofisi zenye mpangilio huo, ila kule hewa haipiti.) Yungiyungi hufanya vivyo hivyo: mwaka 1980 mtafiti John Dacey aliandika kwamba jani moja changa la yungiyungi la njano laweza kushusha hadi lita 22 za hewa kwa siku.

Sasa mtazameni anayejifunza kwa kubanwa: muhindi. Rukwa ni mkoa wa mahindi, na mahindi na maji yaliyotuama hayapikiki chungu kimoja. Yakilowa siku kadhaa majani ya chini yanageuka njano na mwenye shamba anaanza kuhesabu hasara. Lakini ng'oa mche mmoja ambao bado unapigania roho. Chukua ile mizizi minene inayochipua kwenye pingili karibu na ardhi, ukate mmoja kwa wembe, uuweke chini ya kioo cha kukuzia. Mzizi wa shamba kavu umejaa nyama kutoka ganda hadi kiini. Huu una kiini na una ganda, na katikati zimebaki kuta nyembamba kama spoki za baiskeli, na baina ya spoki hamna kitu.

Nyama imejiua. Mizizi hutoa gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha ndizi ulizovundika. Penye udongo mkavu gesi inajiendea zake. Penye maji inakwama na kujazana, kwa sababu ile ile inayomfanya mvundikaji afunike shimo. Ikizidi, baadhi ya seli hupokea amri ya kufa, zinajimeng'enya, na pale zilipokuwa hewa inapata njia. Drew, Jackson na Giffard walilieleza jambo hili la mahindi mwaka 1979. Hakuna tume iliyoundwa, na hakuna seli iliyokata rufaa. Muhindi unafanya hivyo maji yakishafika shingoni. Tete, sawa na mpunga wa kule Muze, Bonde la Rukwa, hujitayarisha mapema.

Hewa nyingine huvuja mizizini, ikakutana na madini ya chuma yaliyoyeyuka topeni, na mzizi ukavaa koti jekundu la kutu. Hili lingewachekesha wafua chuma wa Ufipa, waliojenga malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, zilizovuta hewa zenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini. Wao walipitisha hewa mirijani ili watoe chuma kwenye mawe mekundu. Tete anapitisha hewa mirijani na chuma anakirudisha kwenye wekundu wake.

Wapinzani wana hoja zao, tuwasikilize. Kwelea kwelea hulala kwenye matete na asubuhi wanakwenda kumaliza nafaka ya watu. Kuna pia methani, gesi inayoipasha dunia joto: inazaliwa topeni, na ingepanda taratibu bakteria wangeila sehemu yake njiani, lakini mirija ya Tete na ya mpunga inaipandisha moja kwa moja hadi hewani. La kwelea ni kosa la ndege. La methani sina utetezi, na naomba lisiingie kwenye kumbukumbu.

Lililobaki ni panga. Kila mwaka watu wanamfyeka, visiki vinabaki vimechungulia juu ya maji, kisha wanashangaa amerudi. Visiki hivyo ndivyo pua zake. Angefyekwa chini ya usawa wa maji, mirija ingejaa maji na shina la topeni lingekosa pumzi. Nimeshaitoa siri ya mtu niliyekuja kumsifu, kwa hiyo nakaa kabla sijamaliza kumuua.