Amana ya Maneno 24

Watu wa pwani, tangu enzi za babu zetu, hawakuwa na upungufu wa mahali pa kufichia mali. Yuko aliyechimba shimo mvunguni mwa kitanda, yuko aliyeshona rupia katika upindo wa kanzu kuukuu, na yuko, huyu akihesabiwa kuwa mwerevu kuwapita wote, aliyenunua kasha la njumu lenye droo tatu chini, na nyuma ya droo hizo kijichumba cha siri ambacho fundi alimwonyesha yeye peke yake, baada ya kuwaonyesha wateja wengine wote. Mwizi aliyehitimu kazi yake alianzia hapo. Walakini katika maficho hayo yote mlikuwamo rehema moja, nayo ni kwamba mwenye mali akisahau alipozika, au akifa kabla ya kusema, wanawe waliweza kuuchimbua ua mzima hata wakaipata, na wasipoipata, ardhi ilikwisha kulimwa, wakapanda mihogo.

Mali ninayotaka kuisimulia haina rehema hiyo. Bitcoin, iliyoanza kazi tarehe 3 Januari 2009 kwa mkono wa mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto, na ambao hata leo hawajajitokeza kupokea shukrani wala lawama, haikai benki, haikai mfukoni, wala haikai katika simu, ijapokuwa vijana husema, "Ninayo kwenye simu." Inakaa katika daftari moja kubwa ambalo nakala zake zimetapakaa katika kompyuta za dunia nzima, na ruhusa kila mtu kulisoma. Kilicho chako wewe ni ufunguo tu, na ufunguo wenyewe ni namba, ambayo ukitaka kuiandika kwa hesabu ya kawaida yaweza kufika tarakimu 78. Aliye na namba ndiye mwenye mali. Daftari halimwulizi jina, wala kitambulisho, wala yeye ni wa ukoo gani. Na kwa kuwa hajazaliwa karani wa kunakili tarakimu 78 usiku, taa ikififia, pasipo kukosea hata moja, mafundi wakabuni mwaka 2013 utaratibu wa kuigeuza namba ya siri kuwa maneno 12 au 24, yanayochaguliwa kutoka orodha ya maneno 2048 ya kila siku, na lile la mwisho likabeba ndani yake hesabu ya kuwahakiki wenziwe waliotangulia. Orodha hizo zipo kwa Kiingereza, Kijapani, Kifaransa, Kicheki na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili bado hakijaalikwa.

Mpwa wangu, ambaye riziki yake iko Dubai, alipokuja likizo Mombasa alinijia baada ya sala ya Isha, akafunga mlango nyuma yake, akatoa bahasha iliyofungwa kwa gundi na juu ya gundi utepe.

"Mjomba," akasema, "nakuwekea amana."

Nikanyoosha mkono kwa furaha, maana Dubai ndiko itokako dhahabu, lakini bahasha ilikuwa nyepesi mno kwa dhahabu.

"Ni nini humu, mwanangu?"

"Maneno."

"Maneno gani hayo?"

"Ishirini na manne, Mjomba. Usiyasome, usiyapige picha, usiyatie kwenye simu, na usimwambie mtu."

"Na yakipotea?"

"Usiyapoteze."

Sheria yetu yasema kwamba aliyewekewa amana halipi ikipotea, illa kama alifanya uzembe. Nami usiku ule nilikesha nikijiuliza mpaka wa uzembe unaanzia wapi kwa mtu aliyekabidhiwa kitu asichoruhusiwa kukitazama. Nilimwuliza kijana kwa nini asiyaache mambo haya kwa makampuni yanayojitangaza kuwa walinzi wa sarafu hizi. Akanihesabia misiba. Mt. Gox ya Tokyo, ambayo wakati mmoja ilikuwa soko kubwa kuliko yote ya biashara hiyo, ilianguka Februari 2014 ikitangaza kwamba Bitcoin kama 850,000 hazionekani. FTX ya visiwa vya Bahamas ikafuata Novemba 2022, na mwenyewe, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Kwa hiyo wenye mali hizi wana msemo wao, kwamba asiyeshika ufunguo hana sarafu, na mpwa wangu aliutamka kwa ule unyenyekevu ambao zamani ulikuwa wa wanafunzi wa chuoni peke yao.

Nisilolisikia kwake, nikaja kulisoma mwenyewe baadaye, ni yaliyowapata walioshika funguo zao kwa mikono yao wenyewe. Yupo James Howells, wa mji wa Newport huko Wales, ambaye diski ya kompyuta yenye ufunguo wa Bitcoin kama 8,000 ilitoka nyumbani kwake mwaka 2013 pamoja na taka, ikaenda kuzikwa katika dampo la baraza la mji. Kwa zaidi ya miaka kumi bwana huyu aliwaomba wakubwa wa mji ruhusa ya kuchimbua, akawaahidi fungu lao, akaleta wataalamu, na wakubwa wakamjibu kila mara kwamba sheria za mazingira haziruhusu kufukua uchafu uliokwisha kulala. Hatimaye akaenda mahakamani, na Januari 2025 jaji akaitupilia mbali kesi yake. Sina budi kusema kwamba utii wa sheria wa watu wale umenishangaza. Ingelikuwa dampo letu la Mwakirunge, diski hiyo ingelikwisha kupimwa kwenye mizani ya chuma chakavu kabla ya adhuhuri, na mjadala ungelibaki ni bei ya kilo.

Lakini anayenikosesha usingizi zaidi ni Stefan Thomas, mtaalamu wa programu wa San Francisco, aliyelipwa Bitcoin 7,002 mwaka 2011 kwa kutengeneza filamu fupi ya kuwaeleza watu Bitcoin ni nini. Ufunguo akautia katika kidude kiitwacho IronKey, ambacho kina tabia ya kumvumilia mwenyewe akikosea nywila mara kumi tu, kisha kinajifunga milele. Na karatasi ya nywila ikapotea. Habari zake zilipoandikwa katika gazeti la New York Times Januari 2021, alikuwa amekwisha kukosea mara nane. Hebu mfikirie mtu huyo anapoamka alfajiri na neno jipya kichwani, akawa na yakini kwamba ndilo, akainuka kitandani, akakumbuka kuwa zimebaki mbili, akalala tena.

Basi bahasha niliitia katika kasha la marehemu mama, katika kijichumba cha siri nilichokwisha kukitaja, kwa hoja kwamba wezi wa siku hizi ni vijana, na vijana hawajui makasha. Wezi kweli hawakuja. Ilipokaribia Ramadhani alikuja dada yangu, mamake yule mpwa, kunisaidia kutayarisha nyumba, naye dada huyu husafisha chumba kama afisa wa forodha aliyepewa habari ya siri. Akalivuta kasha, akazitoa droo, akatia mkono mpaka begani, akaibuka na bahasha, na kwa kuwa macho yake hayaoni vyema maandishi madogo akampa mjukuu wake amsomee na kumfasiria. Siyataji yote, kwa sababu zitakazoeleweka. Ila katika safu ile ya Kiingereza mlikuwamo mzimu, mkawamo kisu, mkawamo mbuzi, mkawamo yatima, na karibu na mwisho, peke yake, mjomba.

Mtu aliyelelewa pwani hahitaji kuelezwa ni kitu gani hicho. Karatasi iliyofungwa kwa utepe, iliyochomekwa nyuma ya droo pasipoonekana, yenye maneno yasiyo na mpango yanayoanzia kwa mzimu na kuishia kwa mjomba, haiwi kitu kingine, na dada yangu, kwa mapenzi aliyo nayo kwangu, hakuniamsha nilikokuwa nimepumzika, bali aliipiga picha karatasi na kuipeleka katika kundi la WhatsApp la ukoo, lenye jamaa kuanzia Lamu hadi Maskati na Leicester, akauliza, "Nani kamfanyia ndugu yangu?"

Majibu hayakukawia. Binamu wa Maskati aliagiza isomwe Ayatul Kursiyyu na karatasi isishikwe kwa mkono wa kushoto. Yule wa Leicester aliuliza kama si orodha ya vitu vya dukani. Shangazi mmoja akaandika "Amin," kwa kuwa huandika hivyo kwa kila kitu. Na kijana mmoja, ambaye hatujamsikia tangu harusi ya mwaka juzi, akaandika, "Yako 24?" kisha akanyamaza, na mpwa wangu aniambia kwamba katika yote aliyoyasoma siku ile, kimya hicho ndicho kilichomtoa jasho.

Hapa ndipo nilipofahamu jambo ambalo kwa maelezo nisingelifahamu. Siri ya namna hii ikitoka, hakuna faida ya kuifuta picha wala kuwaapisha jamaa, maana yeyote aliyeinakili anaweza kuitumia akiwa popote, saa yoyote. Lililobaki ni kwa mwenye mali kufungua pochi mpya yenye maneno mapya na kuzihamishia sarafu huko kabla mwingine hajazihamishia kwake. Na uhamisho wenyewe si wa papo hapo. Kurasa mpya za daftari lile huandikwa kwa wastani wa dakika kumi kila moja, na anayetoa ada nono huandikwa mbele. Mpwa wangu alitoa ada ya kutosha kununua mbuzi wa kweli, kisha, akisubiri ukurasa, akapiga simu.

"Mama, ifute!"

"Siifuti mpaka mwalimu aione."

Sarafu zilivuka salama. Yule aliyeuliza idadi alieleza baadaye kwamba alidhani ni kitendawili; nami namsadiki, maana sina njia nyingine.

Wala dada yangu hakuwa mjinga katika jambo hili. Yeye ametumia M-Pesa karibu tangu ilipoanza Machi 2007, na namba yake ya siri ya tarakimu nne ameisahau mara nyingi, na kila mara ameonyesha kitambulisho akapewa nyingine. Alipoelezwa kosa liko wapi aliuliza swali moja tu, ambalo mpaka leo sijasikia limejibiwa barabara:

"Si uwapigie wenyewe wakupe maneno mengine?"

"Haina wenyewe, Mama."

"Kitu kisicho na mwenyewe, wewe umenunua kwa nani?"

Kijana sasa amekuja na shauri jingine. Yaani siri igawanywe mafungu matano kwa hesabu iliyovumbuliwa na Adi Shamir mwaka 1979, apewe kila jamaa fungu moja, na matatu yakikutana yatoshe kuirejesha siri yote, ilhali mawili hayafichui chochote. Ni hesabu ya ajabu na naiheshimu. Lakini niliwapitia jamaa zetu mmoja mmoja kichwani, nikatafuta watatu wanaosemezana, nikamshauri aache.

Jambo lililonishughulisha mimi zaidi ni mirathi. Kadhi anajua thumuni ya mke na sudusi ya mama, ila hakuna hati ya Kadhi inayoweza kuliamrisha daftari lile kumfungulia mrithi asiye na maneno. Desemba 2018 alifariki katika mji wa Jaipur, India, Gerald Cotten, mkuu wa soko la QuadrigaCX la Kanada, ikasemwa kuwa amekufa na funguo za mali za maelfu ya watu, na watu wakamlilia. Walipopekua wakakuta pochi zilikuwa tupu tangu zamani, na mamlaka ya Ontario ikasema mwaka 2020 kwamba ulikuwa udanganyifu. Kwa hiyo marehemu asiyeacha maelezo huwatia warithi wake katika mashaka mawili, kwamba mali haifunguki, au kwamba haikuwako.

Tukaafikiana kwamba maneno mapya yakae mahali pawili ambapo mimi sipajui, na wasia uandikwe mbele ya mashahidi ukitaja mali ni ipi na karatasi iko wapi, pasipo kutaja hata neno moja la ndani. Na akitokea mtu kwa simu, sauti laini, akijitia ni mhudumu wa kampuni na kuomba maneno hayo "kwa uhakiki," basi huyo ni mwizi na akatiwe simu.

Nawe msomaji, ukiwa unayo mali ya namna hii, andika wasia wako wiki hii, mwambie mkeo au mumeo wasia huo uko wapi. Na ukitafuta mtu mwaminifu wa kumwekea bahasha, nakuomba kwa heshima zote upite nyumba ya pili.