Adui wa Kigingi

Boksi la hema la bei ya kawaida hujaa sifa: watu wanne (wakikubali kupumua kwa zamu), maji hayapenyi, linasimama kwa dakika tano. Vigingi havitajwi popote. Utavikuta chini kabisa ya mfuko, vimebanwa kwa mpira mmoja, vijiti vya waya wa chuma vilivyokunjwa kichwa, na ukivitazama unajua kuwa hata aliyevitengeneza hakuwa na imani navyo. Chini ya Mlima Longonot, ambako udongo ni majivu ya volkeno, huingia kwa kusukumwa na kidole na hutoka kwa upepo wa kwanza. Kwenye Kambi ya Shipton kule Mlima Kenya, mita 4,200 juu, hukutana na jiwe na kupinda vikawa alama za kuuliza.

Hapo ndipo watu huanza kutafuta vigingi vya kweli, na hapo ndipo urafiki huanza kulegea.

Katika kundi letu la kupanda milima yuko bwana tunayemwita Mhandisi, ingawa anauza bima. Mhandisi hakiamini chochote kilichofungwa kwenye plastiki dukani. Alikwenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, akaeleza shida yake, na fundi, ambaye sidhani kama amewahi kuulizwa uzito wa kitu, akakata nondo ya milimita 8 vipande vya sentimita 25, akavichonga ncha, akavipinda kichwa.

"Mkubwa, hii hata lori ipite juu, haipindi."

Fundi alisema kweli tupu. Lakini mita moja ya nondo hiyo ina gramu 395 hivi, kwa hiyo kila kigingi kilikaribia gramu 100, na vinane vikakaribia gramu 800. Wapo wasafiri ambao hema lao zima halifiki hapo. Mhandisi alivibeba kwa fahari hadi lango la Sirimon, Mlima Kenya. Baada ya hapo akaanza, "Hebu nishikie hivi viwili nifunge kamba ya kiatu." Mbele kidogo akamwomba mwingine. Tulipofika kambi ya Old Moses hakuwa na kigingi hata kimoja mgongoni, na kamba ya kiatu ilikuwa bado haijafungwa.

Ng'ambo ya pili wako waumini wa titaniamu. Hawa hukata mpini wa mswaki ili kupunguza mzigo, kisha hubeba chupa nzima ya pilipili. Kigingi chao ni kijiti chembamba chenye kulabu kichwani, gramu sita au saba tu, hakishiki kutu na hakikatiki ovyo. Kwenye ardhi ngumu yenye changarawe hupenya pale ambapo kinene kingekwama. Ila wembamba huo huo hukiangusha kwenye udongo laini, na ukikitumia kwenye tope la njia ya Naro Moru, afadhali ufunge kamba kwenye ahadi ya mwanasiasa. Tena ni cha kijivu. Kikidondoka nyasini jioni, basi, umeirudishia dunia madini yake.

Wala hayo si maafa yake makubwa. Kijiti kirefu, safi, chenye ncha na mahali pa kushikia: mbele ya Mkenya mwenye njaa hicho ni kijiti cha mshikaki. Nimeona kwa macho yangu, chini ya Longonot, vigingi vinne vikichomolewa kwenye pembe za hema, vikaoshwa kwa maji ya chupa, vikatungwa nyama ya mbuzi. Mwenye hema alikuwa ndani amejilaza. Harufu ilipomfikia alitoka, akauliza kama kuna cha ziada, akakaribishwa vizuri sana. Hema nalo, lilipojiona halina mtu wala kigingi, likaondoka zake.

Nilipofika nyumbani Msambweni nikavianika vya kwangu barazani, shangazi yangu akakiokota kimoja, akakipima mkononi.

"Mwanangu, nyumba unayo, kitanda unacho, na bado unalipa ukalale chini?"

Nikaona nimpe habari njema: hiyo ni titaniamu, na madini yake yanatoka kwenye mchanga kama ule uliochimbwa hapa hapa Kwale kwa takriban muongo mzima, ukipakiwa melini Likoni, mpaka uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kuwa rangi nyeupe, machache tu ndiyo huwa metali. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ulipoondoka mchanga ulikuwa bei gani?"

Sikuwa na jibu, na bei ya vigingi vilivyokuwa barazani sikuthubutu kumtajia.

Mimi, nikiulizwa na mtu mwenye mfuko wa kawaida, humwambia anunue vya alumini vyenye mbavu tatu. Kimoja cha sentimita 19 kina gramu 14 hivi. Vinane havijai hata gramu 120. Mbavu hushika udongo pande zote, rangi nyekundu au ya machungwa huonekana nyasini, na kitanzi cha uzi kichwani husaidia kukichomoa asubuhi vidole vikiwa vimeganda. Hakikisha ni aloi ngumu, ile ya mfululizo wa 7000, maana alumini laini hufumuka kichwa ukiigonga kwa jiwe mara mbili. Ongeza vijiti viwili vya titaniamu kwa ajili ya changarawe, na uvifiche mwenye mbuzi asivione. Kwenye mchanga wa pwani usihangaike na kigingi chochote: jaza kitu mchanga, kifunge kamba, kizike. Zamani tungetumia mfuko wa plastiki; tangu marufuku ya 2017 tunatumia soksi.

Mhandisi alinisikia nikisema alumini ni nyepesi na ya bei nafuu, akaondoka kabla sijafika kwenye habari za aloi. Siku hiyo hiyo alikuwa Kamukunji, akiuliza kama ile alumini ya sufuria inaweza kutengenezwa vigingi.

"Inaweza, mkubwa," fundi akamwambia. "Na mfuniko unataka?"