Sifa za Mtupaji wa Dola Milioni 102

Tumsifu mtupaji wa akiba anayelipwa kupita kiasi, maana wa kumtukana wamekwisha kuwa wengi. Novemba 2022 New York Mets walimpa Edwin Díaz mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 102, kiasi ambacho hakuna mtupaji wa akiba aliyewahi kukipata. Kwa wasiofuatilia besiboli, huyu ni mtu anayekaa benchi karibu mechi nzima, akaingia awamu ya 9 timu yake ikiongoza kwa tofauti ndogo, akawatoa wapigaji watatu, basi, akaenda kuoga. Msimu wa 2022 alitupa awamu 62 tu katika mechi 162 za timu. Kwa wastani wa dola milioni 20.4 kwa mwaka, awamu moja inakuja kama dola 329,000. Wabahili hufika hapo wakashika vichwa. Hawasemi kwamba katika awamu hizo 62 wapigaji 118 walitolewa bila kuuingiza mpira uwanjani, wala kwamba alipotokeza pale Citi Field matarumbeta yalilia na uwanja mzima ukasimama. Ni bwana harusi gani anayepokelewa hivyo wiki baada ya wiki?

Watanikumbusha Machi 2023. Akiichezea timu ya taifa, Díaz aliulinda ushindi wa Puerto Rico dhidi ya Jamhuri ya Dominika mjini Miami, kisha akiwa anarukaruka na wenzake kwa furaha, akakatika kano ya goti. Msimu mzima ukapita hajatupa hata mpira mmoja wa ligi. Nami nasema huo ndio msimu wake bora: hakupoteza mechi hata moja, huku Mets waliokuwa wameshinda mara 101 mwaka uliotangulia wakiambulia ushindi 75. Mjuzi wa takwimu atanikatiza kwamba timu ilikuwa imezeeka, na kwamba watupaji wake nyota Max Scherzer na Justin Verlander waliuzwa katikati ya msimu. Ni kweli, lakini hoja nzuri kama hii haifai kuharibiwa na ukweli mdogomdogo.

Ila kuna pingamizi moja zito: kijana wa mshahara wa chini anaweza kuwatoa watu hao hao watatu. Anaweza, tena mara nyingi. Tatizo ni siku atakaposhindwa. Tangu 1969, mechi zilizookolewa, yaani ushindi uliolindwa na mtupaji wa mwisho, zilipoanza kuhesabiwa rasmi, awamu ya 9 imekuwa na mwenyewe, na ikiharibika lazima apatikane wa kuzomewa. Kumzomea kijana wa watu anayelipwa kidogo ni ukatili, kwa hiyo hasira hupanda ngazi hadi kwa kocha, na hatimaye kwa tajiri mwenye timu. Colorado Rockies walilijua hilo walipomlipa Wade Davis dola milioni 52 kwa miaka 3. Mwaka 2018 aliokoa mechi 43. Mwaka uliofuata aliruhusu pointi zaidi ya 8 kwa kila awamu 9, na Denver nzima haikuhangaika kutafuta wa kulaumiwa. Huduma hiyo haina bei ya jumla. Ndiyo maana Díaz alipouvunja mkataba wake mwishoni mwa 2025, kama ulivyomruhusu, Los Angeles Dodgers hawakuomba punguzo: walimpa milioni 69 kwa miaka 3, yaani 23 kwa mwaka.